Weka Msasa Chini, Mwanangu

Juzi kijana mmoja wa Moshi, mpiga besi wa kwaya, kaniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Wazee wa kanisa wananiuzia besi ya zamani iliyokuwa imelala stoo. Ni Fender, nzito balaa, rangi imechubuka mgongoni. Msasa nimeshanunua. Nataka niikwangue, nipulize nyeusi ya kung'aa, na pikapu niweke mpya. Unanishauri pikapu gani?"

Marahaba mwanangu. Nakushauri uurudishe huo msasa dukani, na pikapu, ile sumaku inayokamata sauti ya nyuzi, uiache ilipo.

Picha alizotuma nimezikodolea macho mpaka mke wangu akauliza namchumbia nani. Ni Precision Bass, gitaa la besi la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani. Kichwani, karibu na jina la kampuni, kuna namba inayoanza na S8. Fender walianza kuandika namba kichwani mwaka 1976, na hiyo S ni ya miaka ya sabini, kwa hiyo besi hii ni ya 1978 au jirani na hapo. Nasema jirani kwa sababu kiwanda kile hakikuwa na haraka ya kutupa vibandiko vya stoo mwaka ukigeuka. Freti, vile vyuma vilivyopita kukata shingo, zimelika nne tano za mwanzo tu, kule juu ziko kama mpya. Aliyeipiga alikuwa mtu wa tenzi, hakuwa na safari ndefu.

Kibandiko hata hivyo kinaweza kughushiwa. Kabla hujatoa hela, fungua skrubu za lile bamba la plastiki usome migongo ya vile vizungushio vya voliyumu na toni. Utakuta namba zimegongwa kwenye chuma. Zikianza na 137, hiyo ni alama ya CTS, kampuni iliyotengeneza vizungushio hivyo. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. 1377825 maana yake wiki ya 25 ya 1978. Mwizi wa vibandiko mara nyingi hajisumbui kufika huko ndani. Tena ukiwa umefungua, angalia risasi iliyoshika nyaya: ya kiwandani imefifia na vumbi limeilalia, iliyochezewa juzi inang'aa.

Sasa nieleze kwa nini nimekuwa mkali. Mimi ninayo ndugu yake. Ni ya mwaka huohuo, nzito vilevile, na ndiyo iliyonipa heshima niliyonayo mjini hapa, kwa hiyo nikiona mtu anaifuata na msasa roho inaniuma.

Niliipata Dubai, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa kwenye mkataba wa hoteli pale Deira. Wanamuziki wa Tanzania na Kenya waliopita hoteli za Ghuba wanaujua ule mchezo: ghorofa hii Waswahili mnapiga rumba, ghorofa ya juu Wafilipino wanapiga kila wimbo uliopata kuvuma duniani, na usiku wa manane mnakutana jikoni kula mabaki. Mpiga besi wao alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Aliniita chumbani, akaniwekea besi mapajani bila amplifaya. Nilipiga E ya wazi, na mbao ikanitetemesha kifuani. Sikuuliza swali la pili. Alitaka dirhamu 2,800, na mimi mshahara wangu haukufika nusu ya hapo. Nilikopa kwa mpiga dramu, nikakopa kwa mwimbaji, nikalipa.

Watu wanaozijua walinicheka. Kwa wakusanyaji, Fender ya thamani ni ya kabla ya 1965, mwaka ambao Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani. Zilizofuata wanasema nzito, zimetengenezwa kwa pupa. Uzito ni kweli, yangu nikiivaa kwa muda wa saa nne bega linajua. Lakini nyingi za hizo "mbovu" ndizo zilizopiga dansi na disko la miaka ya sabini, na kwa kuwa wenye pesa walizidharau, sisi wa mishahara ya hoteli tukaweza kuzigusa.

Kuna kitu nilikifanya siku ileile ambacho leo nakihubiri kuliko vyote. Nilimwomba Mfilipino aandike risiti kwenye karatasi ya hoteli: jina lake, langu, namba ya besi, kiasi, tarehe, sahihi mbili. Alicheka, akaandika.

Dansi letu limekua chini ya wenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Mlimani Park ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Magitaa, ngoma, tarumbeta, spika, vyote vya mwenye bendi. Wewe ni mwajiriwa wa vidole. Ukihama, unahama na vidole vyako. Mfumo ule ulizaa muziki mzuri kuliko huu wa leo, sikatai, lakini ulitufundisha wanamuziki kusimama mbele ya mtu mwenye vyombo kama tunaomba radhi.

Niliporudi Dar nikaingia bendi moja, siitaji. Nikapiga na besi yangu mwenyewe miaka mingi. Siku tulipokosana na mwenye bendi kuhusu posho, akatangaza mbele ya wenzangu kwamba kila kilichoko jukwaani ni cha bendi na hakitoki. Wenzangu wote kimya, kila mtu anaangalia viatu vyake. Nikatoa risiti kwenye mfuko wa begi la besi. Aliisoma namba kwenye karatasi, akaenda kuisoma kichwani mwa besi, akarudi akaisoma tena kwenye karatasi. Kisha akasema, "Uchukue mzigo wako." Nikauchukua.

Nafasi yangu hakumpa mpiga besi mwingine. Aliupa mkono wa kushoto wa kinanda. Nakiri inaniuma mpaka leo, si kufukuzwa, bali kuondolewa kana kwamba besi ni kibonyezo. Bendi ile ipo, inapiga wikendi, na wanaocheza hawaelewi kwa nini miguu inachoka mapema. Mimi naelewa.

Kwa hiyo wewe wa Moshi: wazee wakikuuzia, taka risiti yenye muhuri wa kanisa na namba ya besi ndani yake. Mzee wa kanisa wa leo anakujua. Atakayekuja baada yake atakukuta na "chombo cha kanisa" nyumbani, na huna la kusema. Piga na picha, kichwa, mgongo, kila kovu. Besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, iliibwa London mwaka 1972 na ikapatikana baada ya zaidi ya nusu karne. Yake ilitafutwa na dunia nzima kwa sababu ni yake. Yangu na yako zitatafutwa na mimi na wewe tu.

Turudi kwenye pikapu unayotaka kuing'oa. Kumbi zetu unazijua: friji la bia, taa za tubu, jenereta nyuma ya jiko, vyote vinakula soketi moja na amplifaya. Jazz Bass ya kizamani, besi nyingine ya Fender yenye pikapu mbili, ukipunguza sauti ya pikapu moja tu, inaanza kunguruma mpaka mwimbaji anageuka kukutazama. Precision, tangu 1957, pikapu yake imekatwa vipande viwili, kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G, na vimeunganishwa kinyume ili ngurumo ya huku ifute ngurumo ya kule, sauti ya nyuzi ibaki. Huo ni ufundi wa mtu aliyeelewa umeme. Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio pale Fullerton, California, na mwaka 1951 alipotoa besi hii ndani yake hakukuwa na kitu ambacho fundi redio wa Kariakoo hawezi kukielewa kwa dakika tano. Pikapu moja, voliyumu, toni, kapasita, tundu la waya. Sauti ikikwaruza ukizungusha voliyumu, mara nyingi ni vumbi: dawa ya kusafishia swichi, zungusha mara kadhaa, basi. Ikikatikakatika, tundu la waya limelegea. Vijana wanabadilisha pikapu ya 1978 kwa sababu ya tundu bovu la waya! Nimeiona mwenyewe, na pikapu ya zamani ikatupwa kwenye kopo la misumari.

Na ukipigwa shoti mdomoni unapogusa maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, usiilaumu besi. Mara nyingi soketi ya ukumbi haina ethi. Shuka jukwaani, mwite fundi umeme wao, usipande mpaka amemaliza. Hapa sitanii.

Shingo ndiyo yenye kazi. Kule Dubai kiyoyozi kilikuwa kinakausha mbao mpaka ncha za freti zinatokeza pembeni na kuchana kiganja. Nilipofika Dar, unyevu ukaanza, shingo ikajipinda mbele, nyuzi zikanyanyuka. Kuipima ni rahisi: bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, tazama katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Mwanya wa unene wa kadi ya mwaliko wa harusi unatosha. Ukizidi sana, kaza nondo iliyomo ndani ya shingo. Ila kwenye Precision za wakati ule tundu la nondo liko kisiginoni, limefichwa kwenye tumbo la besi. Unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne, unatoa shingo, unazungusha robo, unarudisha, unatyuni, unapima. Haijakaa sawa? Unaanza upya. Robo tu kila safari. Nimeona mtu kakaza kwa hasira, nondo ikalia "ta!" na hakuna fundi hapa mjini aliyeweza kuitoa. Usiifungue ovyo ovyo pia, matundu ya skrubu kwenye mbao yakichakaa shingo haishiki tena.

Rangi iache. Ukiikwangua, bei inashuka vibaya, na huongezi hata chembe ya sauti. Futa nyuzi na kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, hasa ukitoka Zanzibar au popote penye upepo wa chumvi. Funguo za kukazia zina chuma, na chuma kinaliwa. Hayo ndiyo matunzo yote. Naona wengine mnataka orodha ndefu, hakuna.

Nyuzi? Mimi natumia zile bapa, laini chini ya kidole, na sponji nimeibana karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye tumbo la besi. Si mimi niliyebuni. James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown kule Marekani, mwenye Precision ya 1962, alifunga nyuzi bapa nene na hakuwa na mazoea ya kuzibadilisha, chini ya kifuniko cha daraja akaacha sponji, na sehemu kubwa ya kazi akaifanya kwa kidole kimoja cha shahada. Nyuzi nne, kidole kimoja. Na hapa kwetu msikilizeni Tom Malanga wa Les Wanyika. Msikilizeni anapoacha kupiga. Besi inaingia, inasema, inanyamaza, unajikuta umemalizia mwenyewe kwa kiuno. Vijana wa sasa mnakuja na nyuzi sita, mnazikung'uta zote kabla mwimbaji hajamaliza salamu, halafu mnashangaa mwenye ukumbi anapoita kinanda. Mnajifukuzisha wenyewe! Besi ya zamani ina dawa ya ugonjwa huo: ni nzito, shingo ni nene, haikubali mbwembwe, lazima uchague noti.

Kwa wasio na wazee wa kanisa wa kuwauzia, wala pesa ya Mmarekani wa 1978, tafuteni Mjapani. Fender walianza kutengeneza Japani mwaka 1982, kwenye kiwanda cha FujiGen, na zile za mwanzo namba zake huanza na JV. Zamani zilidharauliwa kama yangu ilivyodharauliwa. Sasa wenyewe wameamka na bei inapanda. Lakini vyombo vilivyotumika bado vinaingia, na wauzaji wengi wanaona gitaa tu. Ukiikuta moja yenye JV na mwenyewe hajui anachouza, usisimame pale kunipigia simu anasikia. Lipa, chukua risiti, ondoka, ndipo upige.