Sampuli ya mwamba: ilikatwa au ilikatika?

Swali: Ninatafsiri ripoti ya maabara inayochunguza miamba na matetemeko ya ardhi. Niandike "sampuli ya graniti ilikatwa kwa pembe ya nyuzi 30" au "ilikatika"? Mhariri wangu anaona yote ni sawa.

Jibu: Si sawa hata kidogo, maana hapa kauli ya kitenzi inabadilisha jaribio lenyewe. Kauli ya kutendwa ("ilikatwa") ina mtendaji, hata asipotajwa. Sampuli iliyokatwa ilipitishwa msumeno wa almasi kabla ya kuingia mashineni, nyuso zake mbili zikasawazishwa kwa unga wa kusagia, zikarudishwa pamoja. Jaribio hilo hupima msuguano. Iliyokatika iliingia nzima: mafuta yenye shinikizo yakaibana pande zote, pistoni ikaikandamiza kwa juu mpaka ufa ukajitafutia njia. Kilichopimwa hapo ni uimara wa mwamba. Graniti nzima mara nyingi hupasuka kwa pembe inayokaribia nyuzi hizo hizo 30, kwa hiyo msomaji hawezi kugundua kosa kwa kutazama tarakimu. Taja pia kwamba pembe imepimwa kutoka kwenye mhimili wa sampuli, ambayo ni silinda. Ikipimwa kutoka kitakoni inakuwa 60.

Angalia na mfuko wa mpira unaoitenga sampuli na mafuta. "Ulitobolewa" maana yake fundi alipitisha nyaya za vihisi, kisha akaziba tundu. "Ulitoboka" ni hitilafu, mara nyingi kwenye ukingo mkali wa sampuli: mafuta hupenya vinyweleo vya mwamba, shinikizo la ndani hupanda, mbano halisi hushuka, na mwamba huonekana dhaifu kuliko ulivyo. Matokeo hayo hayafai.

Kwenye kuteleza ningekuwa mkali zaidi. Mwendo uliowekwa na mtafiti, tuseme mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) kwa sekunde, ni wa "kutelezeshwa". Lakini mwaka 1966 watafiti wa miamba Brace na Byerlee walieleza jinsi nyuso za mwamba zinavyonata kisha kuteleza ghafla, wakapendekeza kuwa matetemeko ya kina kifupi huenda yakatokea hivyo. Mruko huo uandike "ziliteleza". Pistoni haikuongeza kasi. Nishati iliyolimbikizwa katika mwamba na katika mashine yenyewe ndiyo iliyofunguka.

Na usiandike "ilikatika na pistoni": kauli ya kutendeka haipokei "na" ya mtendaji. Andika "ilikatika kwa mkandamizo wa pistoni".