Miezi miwili nje ya duara

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ulipokuwa chuoni ulijiunga na chama gani kisichohusu masomo yako, na kilikupa nini?" Nililisoma jioni, nikainuka kwenda kufungua sanduku nilikoiweka filimbi yangu ya bati. Jibu langu limo humo.

Mimi ni mwanamke wa Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na nimekulia kwenye nyumba ambayo redio haikuguswa taarabu ikiwa hewani. Nilikwenda Galway, magharibi mwa Ayalandi, kusoma shahada ya pili ya sayansi ya bahari. Kazi yangu ilikuwa mwani. Mwezi wa tisa, kabla masomo hayajapamba moto, vyama vya wanafunzi hupanga meza ukumbini na wageni hupita wakijiandikisha. Kwenye meza ya chama cha muziki wa asili hakuna aliyeniita. Binti mmoja alikuwa akipiga fidla, kijana mmoja konsetina, kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kubana, wanatazamana wao kwa wao. Fidla naijua tangu utoto, fidla ya taarabu, inayojikokota na kulia nyuma ya mwimbaji. Hii ilikuwa mbio. Hakuna mwimbaji, hakuna wa kutuzwa, lahani tupu inazunguka na kujirudia kama mtu anayesokota kamba. Nikaandika jina langu.

Siku ya kwanza ya mafunzo nilikabidhiwa ngoma. Wao huiita bodhrán: duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, mkono mmoja unapiga kwa kijiti, wa pili uko ndani unabana ngozi ili sauti ipande na kushuka. Aliyenipa alikuwa na nia njema kabisa. Ameona Mwafrika, akaona ngoma. Lakini iliniuma, kwa sababu sijawahi kupiga ngoma maishani mwangu, na pale nilifuata lahani. Nikamwambia hivyo kwa upole. Hakubisha, aliingiza mkono kwenye kikapu akatoa filimbi ya bati yenye matundu sita. Wiki iliyofuata nilinunua yangu, kwa yuro kama kumi hivi.

Hapakuwa na karatasi za nota. Aliyepita madrasa anaujua mtindo wao: mwalimu anatangulia kipande kifupi, nyinyi mnafuatisha, anaongeza kingine, mnaunganisha, mkikosea mnarudi mwanzo, mpaka vidole vinajua kabla kichwa hakijajua. Mwalimu wetu alikuwa mwanafunzi mwenzetu tu, binti wa kutoka kaunti ya Clare. Lahani ya kwanza aliyotupa ilikuwa polka, aina ya lahani ya kuchezea inayopendwa sana mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry. Ina sehemu mbili, kila moja bari 8, yaani mafungu manane ya mapigo, na kila moja hupigwa mara mbili kabla ya kuhamia nyingine. Ukimaliza umekamilisha bari 32, unarudia tena, aghalabu mara tatu, kisha bila kupumua mnaingia lahani nyingine. Nilikuwa nikiipiga jikoni wali ukiiva.

Mafunzo hayo ni nusu tu ya chama. Nusu ya pili ni kikao cha usiku baa, na wao hukiita sesheni. Najua baadhi ya wasomaji wameshakunja uso kwa neno baa. Mimi situmii pombe, sikuwahi kuulizwa kwa nini. Niliagiza chai, ikaletwa kwenye birika dogo la chuma na maziwa pembeni, na kila wiki ikawa hivyo hivyo.

Cha kwanza nilichokiona ni kwamba wapigaji wamekaa duara, wametazamana, wengine wamewapa wateja mgongo. Hakuna jukwaa. Hawampigii mtu, wanapigiana. Anayeijua lahani anaingia, asiyeijua anaweka chombo mapajani na kusikiliza. Bodhrán moja inatosha. Ikija ya pili mwenyewe hungoja zamu. Mtu akianza kuimba, hasa zile nyimbo za zamani za Kiairishi zisizo na chombo chochote, baa nzima hunyamaza. Usiku mmoja nilimwona mzee amemshika mwimbaji mkono, anauzungusha taratibu kufuata sauti, na macho ya wote wawili yamefumbwa.

Nilikaa nje ya duara lile kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja. Hakuna aliyenizuia kuingia. Ni mimi niliyeamua, na ninaamini ndiyo miezi iliyonifunza kuliko yote. Nilianza kutofautisha rili na jigi, aina nyingine mbili za lahani za kuchezea, kwa mguu kabla ya sikio: rili inakwenda kwa mapigo manne, jigi kwa sita. Nilijua pia nani akikohoa lahani inakaribia kubadilishwa. Nililijua lile zumari lao la mfuko, ambalo halipulizwi kwa mdomo bali kwa mvukuto unaobanwa kwenye kiwiko. UNESCO iliiingiza sanaa ya kulipiga kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, lakini pale lilikuwa mapajani mwa kijana aliyekuwa na mtihani wa hesabu kesho yake.

Mazungumzo yangu ya kwanza ya maana na watu wa duara yaliletwa na ngoma ile ile. Mpigaji wake alikuwa mzee wa mjini, si mwanafunzi. Moto ulikuwa umewaka tangu jioni, chumba kimejaa watu, ngozi imekauka na kukaza hadi inalia kama bati. Alichovya vidole kwenye glasi ya maji, akapaka kwa ndani polepole, akasubiri, akagonga kwa kidole gumba sikio likiwa karibu. Akapaka tena. Nikamwambia kwamba kwetu ni kinyume: ngoma zikilegea kwa unyevu huwashiwa moto wa makuti zikaoteshwa mpaka zitoe sauti. Aligeuka kiti kizima. Alitaka kujua moto uwe umbali gani, ngozi ya mnyama gani, inawambwa kwa kamba au kwa vigingi. Mengine sikuyajua, na usiku ule niliona aibu ya kutoyajua mambo ya kwetu.

Ni mpiga fidla mmoja wa chama aliyenisimulia habari za Francis O'Neill, mtoto wa Cork aliyehamia Marekani akawa mkuu wa polisi wa Chicago. Alikusanya lahani kwa wahamiaji wenzake, wakiwemo askari wake, na mwaka 1903 akachapisha 1,850. Kuandika nota hakukuwa fani yake. Aliyemwandikia alikuwa polisi mwenzake, James O'Neill. Wapigaji wa leo bado wanakula kwenye chungu hicho. Nilirudi chumbani siku hiyo nikihesabu nyimbo za lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani yetu, ninazozijua mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa mbili.

Mwezi wa kumi na moja, kati ya lahani na lahani, binti wa Clare alinigeukia akaniuliza, "Unayo moja?" Ndivyo wanavyomkaribisha mtu. Wakasogeza viti. Nikaanza polka yangu, polepole kuliko wanavyopiga wao, vidole vinateleza kwa jasho. Sehemu ya kwanza nilikuwa peke yangu. Iliporudiwa, fidla ikaingia kwa chini, kisha konsetina, kisha yule mzee na ngoma yake, na wote wakashika mwendo wangu, hakuna aliyenivuta. Raundi ya tatu mtu akaunganisha polka nyingine nisiyoijua, nikaweka filimbi mapajani. Nafasi yangu kwenye duara ikabaki wazi nikiwa nimeikalia.

Kwa mwanafunzi wa kwetu anayekwenda kusoma huko nina maneno machache. Usingoje mpaka ujue kupiga, darasa la wanaoanza lipo kwa ajili yako. Nenda wiki za mwanzo, kwa sababu mwezi wa kumi watu wameshazoeana. Usirekodi kwa simu bila kuomba. Na ukipewa chombo usichokitaka, sema.

Mlitaka kujua chama kilinipa nini. Tangu nirudi, kila Alhamisi alasiri nakwenda kwa shangazi yangu, aliyecheza lelemama ujanani. Nilifika na simu ya kurekodi na daftari. Daftari aliniambia nilifunge. Anaimba mstari, nafuatisha, anaongeza, naunganisha. Alhamisi iliyopita tuliufikia wa tisa, nikakosea neno moja katikati, akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Mwanzo, mwanangu."