Katuni za utotoni kwenye meza ya gemu: maswali yenu

Wengi mmeniuliza kuhusu kuchukua dunia za katuni za zamani na kuzifanya uwanja wa gemu za kuigiza za mezani, zile za dadu na karatasi za wahusika, mmoja anaendesha hadithi na kila mchezaji anaigiza mhusika wake. Nimechagua haya.

Nataka kuendesha dunia ya katuni ya Thundarr the Barbarian. Wachezaji wawe Thundarr shujaa, binti mfalme Ariel na lile jitu lenye manyoya Ookla wenyewe?

Hapana, watengeneze wa kwao. Ukimkabidhi mtu Thundarr ataanza kuwaza Thundarr angefanyaje, na kila mtu mezani ana jibu lake, gemu linageuka ubishi. We chukua dunia yenyewe: mwaka 1994 sayari iliyopotea njia inapita kati ya Dunia na Mwezi, Mwezi unapasuka, na miaka 2000 baadaye wachawi wanatawala juu ya magofu ya miji ya Marekani. Sasa mwambie mchezaji anashuka kwenye handaki lenye ngazi za chuma na vigae vyenye herufi ambazo hakuna mtu kijijini anayeweza kuzisoma, yeye anajua kabisa hii ni stesheni ya treni lakini mhusika wake hajui. Raha ya katuni ile iko hapo, na haihitaji Thundarr awepo.

Kwenye katuni hizi hafi mtu. Gemu si litakosa hatari?

Wengi hapa wanaongeza damu, na mi naona ndo wanaiua ladha. He-Man wa 1983 ana upanga mkubwa lakini ni nadra sana kumpiga nao mtu, anakata nguzo, anarudisha miale, anamnyanyua adui anamtupa kwenye tope, manake ilikuwa TV ya watoto na masharti yalibana. Basi sharti hilo lifanye sheria ya dunia yako. Mchezaji akiishiwa uhai hafi, anatekwa, au silaha yake inachukuliwa, au Skeletor, adui wa He-Man, anasogea hatua moja karibu na ngome ya Grayskull anayoitaka, na hatua hiyo iandikwe kwenye karatasi katikati ya meza kila mtu aione. Mhusika mpya unamtengeneza hapohapo ukitaka, ila ngome ikishachukuliwa imechukuliwa.

Naipenda katuni ya The Pirates of Dark Water ila haikuisha. Mwisho niufanyeje?

Hiyo ni zawadi! Episodi 21, hazina 13 za kutafuta, shujaa Ren na wenzake wakapata 8 katuni ikakatika. Yaani kuna 5 zimebaki huko na hakuna anayeweza kukwambia umekosea. Usizibuni peke yako, kila mchezaji aandike tetesi moja aliyoisikia bandarini kuhusu hazina moja, halafu we amua zipi za kweli na zipi kaeneza haramia Bloth, adui yao. Na yale maji meusi yanayomeza dunia usiyaache yawe maneno tu: chora ramani ya visiwa, kila mwisho wa sesheni paka wino mweusi kisiwa kimoja wachezaji wakiangalia, na kama kuna rafiki yao anaishi pale, ndo hivyo. Wape visiwa vingi kuliko wanavyoweza kuokoa, waanze kubishana waende wapi kwanza.

D&D (Dungeons and Dragons) inatosha au nitafute sistimu nyingine, yaani sheria za gemu lingine?

Inatosha, ila usianze levo 1 manake mashujaa wa katuni wanaruka makorongo toka episodi ya kwanza, anza kama levo ya 5. Mi napendelea zaidi familia ya gemu zinazofuata sheria za gemu la Apocalypse World: unarusha dadu mbili unajumlisha, 10 kwenda juu umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu lakini unalipa, 6 kushuka mambo yanaharibika. Hiyo ya 7 hadi 9 ni katuni tupu, umeruka umefika ng'ambo ila mfuko wenye ramani umebaki nyuma. Avatar Legends, gemu la dunia ya katuni ya Avatar, nayo imejengwa kwenye msingi huohuo.

Wenzangu hawajawahi kuiona hiyo katuni.

Usiwape episodi za kutazama kama homuweki. Andika utangulizi mfupi kama ule wa mwanzo wa katuni, usome kwa sauti kila sesheni maneno yaleyale, majina ya wahusika wao yawemo, halafu anza moja kwa moja na mtu anakimbizwa.

Nikimaliza naweza kuuza?

Kucheza na marafiki hakuna shida. Kuuza kwa jina la Eternia (dunia ya He-Man) au Mer (dunia ya Pirates of Dark Water), hapana, zina wenyewe. Kama unawaza kuuza badili majina, sura na ramani sasa hivi kabla wachezaji hawajazoea, baadaye watakuwa wanaita kila jitu lenye manyoya Ookla.