Tairi kulika kingo zote mbili

Ndugu, umesema tairi zako za mbele zimelika kingo zote mbili ilhali meno ya katikati bado yamesimama. Huo ni upepo mdogo. Zingelika upande mmoja tu, ningekwambia ukapime alaimenti, yaani kama magurudumu yamekaa sawa. Jaza upepo tairi zikiwa za baridi, kabla hujaendesha, na ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha gari lako. Wengi hukosea hapo. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona uvimbe ubavuni, tafadhali usiisafirie hata kama meno ni mapya, nyuzi za ndani zimeshakatika.