Chupa za soda kwenye vigae vya kavera: zisichanganywe

Dada, umeuliza kama chupa za soda zinaweza kuyeyushwa pamoja na kavera (mifuko ya plastiki) na kuchanganywa na mchanga kutengeneza vigae. Hapana, chupa za soda na maji msizitie pipa moja na kavera hizo. Chupa hizo ni plastiki aina ya PET (namba 1 kwenye kitako) na huyeyuka karibu na nyuzi 250, ilhali kavera na jerikeni zimeshayeyuka kwenye 110 hadi 130. Mkingoja chupa iyeyuke, kavera inaungua na moshi unawaingia kifuani. Mkiwahi kumimina, vipande vya chupa vinabaki vigumu ndani, na kigae hupasukia hapo hapo.

Namba ikiwa imefutika, kata kipande kidogo ukizamishe kwa kidole kwenye beseni la maji, mapovu yatoke. Kavera, jerikeni na vifuniko hupanda juu, PET hubaki chini. Mabomba ya PVC nayo huzama, na hayo yasikaribie moto kabisa, yanatoa gesi ya asidi.

Mchanga uchekecheni na uwe mkavu kwelikweli. Unyevu ukikutana na plastiki ya moto hurusha matone (ndiyo yanayounguza mikono) na kigae hujaa matundu. Anzeni na kilo 1 ya plastiki kwa 3 za mchanga, kisha mrekebishe, maana mchanga wa ziwani si sawa na wa mtoni.

Chupa ziuzeni kwa kilo: ondoeni vifuniko, mwageni maji, zipondeni. Vifuniko virudi pipani, ingawa vingine huchelewa kuyeyuka.