Mbuzi wa Kizza

Nalongo (mama wa pacha) wa Jinja, aleikum salaam.

Kwa wasomaji wengine: barua ya Nalongo ina kurasa nne za mkono, naifupisha. Ana miaka 34, Mnubi wa Bombo, ameolewa na polisi Msoga. Nyumbani kwao wanaongea Kiswahili, maana mume Kinubi hakijui na Kisoga yeye anakisikia nusu nusu. Wanaishi kambini, ndani ya unipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo kinachopika watu mchana na kuwagandisha usiku. Ana cherehani yake sokoni. Mimba yake ya kwanza, ambayo ndiyo pekee, ilileta pacha, Babirye na Nakato. Leo wana miaka 7, wako P.2, darasa la pili la msingi. Kwa Wasoga, kama kwa Waganda, mtoto anayewafuata pacha anakuta jina linamsubiri, awe wa kike au wa kiume: Kizza. Mama mkwe wake kule Kamuli alimtengea Kizza mbuzi tangu pacha walipoanza kutembea. "Mbuzi huyo ameshazaa mara tatu, Shangazi," anaandika, "na mimi bado naulizwa." Alipojifungua alitokwa damu mpaka akazirai. Mume hasemi nataka wala sitaki. Swali lake: azae wa tatu, au afunge ukurasa?

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nyekundu, maana nilifundisha miaka mingi na mkono haujasahau. Nikahesabu. Mama mkwe amepewa ukurasa mmoja na robo. Karo imepata nusu ukurasa. Mume, mistari sita. Wewe mwenyewe una mstari mmoja, na umeuficha chini kabisa ya ukurasa wa tatu: "Wakati mwingine naota nimebeba mmoja tu, namwangalia." Kisha ukakimbilia bei ya sare.

Umeandika pia kwamba hukumbuki pacha walianza kutambaa lini, unachokumbuka ni ndoo ya nepi. Nakuamini. Mwenye pacha hapati nafasi ya kukaa akamtazama mtoto usoni, kwa sababu akimlaza huyu, yule ameshaamka. Kwa hiyo kutamani mmoja wa kumwangalia, mimi sioni aibu yake iko wapi. Katika sababu zote ulizoniandikia, hiyo ndiyo iliyotoka kwako. Nyingine umebebeshwa.

Ila kuna jambo hutalipenda. Unasema Babirye ni mrefu kama baba yake na Nakato ni mfupi, sura hazikutani popote. Pacha wa namna hiyo wanatoka kwenye mayai mawili, na mwanamke aliyewahi kupata pacha wa mayai mawili ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata tena. Umri nao unaposogea kuelekea 40, uwezekano huo unapanda. Simaanishi lazima iwe hivyo. Wengi hupata mmoja. Lakini usikate shauri kwa ajili ya huyo mmoja wa ndotoni kabla hujajiuliza: na wakija wawili? Kama jibu ni kilio, ni heri ulijue sasa. Ukishika mimba, omba skani mapema.

Turudi Kamuli. Mama mkwe wako si mtu mbaya, na mbuzi ni ishara ya upendo, hata kama ana kamba shingoni. Jiweke kwenye macho yake. Utafiti wa taifa wa 2000-2001 ulionyesha mwanamke wa Uganda akizaa kwa wastani watoto karibu 7. Ule wa 2022 ulikuta 5.2. Hata serikali ilipoanzisha UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1997, masomo ya bure yalikuwa ya watoto wanne kwa kila familia, baadaye ndipo mlango ukafunguliwa kwa wote. Mtu wa umri wake akisikia "wawili wanatosha", anasikia kama umesema hujaanza. Lakini jina Kizza si deni. Hakuna aliyekukopesha. Na maneno ya kumwambia hivyo si yako kuyasema, ni ya mwanawe. Mkwe akimjibu mama mkwe huwa ni ugomvi wa miaka. Mtoto akimjibu mama yake, ni mazungumzo ya jioni moja tu.

Sasa damu. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mfuko wa uzazi uliobeba wawili unatanuka sana, na baada ya kujifungua unaweza kushindwa kujikaza, basi damu haikatiki. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwako. Mimba ya mmoja haitanui kiasi hicho, lakini aliyewahi kutokwa damu hivyo anaweza kurudiwa hata akibeba mmoja. Kwa hiyo pale mlipokwenda mara ya kwanza, ambapo mkunga alikuwa peke yake na damu ya kukuongezea haikuwepo, usirudi. Jinja mna hospitali ya rufaa. Nenda kabla ya mimba, si baada. Wasimulie kila kitu, wapime wingi wa damu yako, na kama imepungua uijenge kwanza. Waulize watafanya nini mtoto akishatoka. Wakikutajia sindano ya kuukaza mfuko wa uzazi na damu iliyo tayari, wameelewa swali lako. Wakisema kwako ni hatari isiyofaa kujaribiwa, basi umejibiwa, na hata Kamuli hakuna atakayebisha.

Kuna kitu kingine uliandika kama mtu anayepita njia. Ulisema leso zako za siku ile mume alizifua mwenyewe usiku wa manane, kwenye bomba la kambi, hakutaka mtu azione. Baada ya hapo hukumtaja tena. Mimi hapo nikaweka kalamu chini. Askari, Msoga, usiku, anasugua damu ya mke wake kwenye bomba ambalo kesho yake wenzake watachotea maji! Wewe umesoma kimya chake kama mtu asiyejali. Naweza kuwa nakosea, lakini mimi naona mtu aliyeogopa na hajui pa kuiweka hofu yake.

Kwa hiyo usimuulize "unataka mtoto?" Atakujibu "wewe waonaje," na mtarudi pale pale. Mtoe nje ya unipoti, bati halifichi sauti na Babirye ana masikio. Tembeeni hadi mtoni jioni. Muulize: "Ile siku ya damu, ulifikiria nini?" Halafu nyamaza. Nyamaza hata kama ni dakika kumi. Akimaliza, msomee ule mstari wako mmoja.

Hesabu ya pesa fanyeni pamoja, nami nawapa mwanzo tu. Unatumia sindano ya miezi mitatu. Ukiiacha, wengi hukaa miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, wengine hata mwaka. Tuseme mtoto anazaliwa ukiwa na miaka 36 na pacha wana 9. Akianza P.1, pacha wako S.3, mwaka wa tatu wa sekondari, wote wawili kwa mpigo, kama ilivyo kila kitu chao. Huo ndio mwaka wa kuuogopa, zaidi ya mwaka wa nepi. Na cherehani haina likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya 2006 inampa mwajiriwa siku 60 za kazi zenye malipo, baba siku 4. Wewe sokoni unajipa mwenyewe, kwa hiyo anza kuweka akiba ya miezi mitatu ya kukaa nyumbani kabla hujaacha sindano.

Ukitaka nikwambie moja kwa moja: mimi sioni sababu ya kukataa, na sioni sababu ya kukimbia. Sindano inayofuata ni mwezi ujao. Kachome. Inawapa miezi mitatu ya kuongea, kwenda hospitali wote wawili, na kuhesabu. Salongo, yaani baba wa pacha, mume wako, akisema hapana, na akasema kwa kinywa chake, basi ni hapana, utalia na mimi nitakuwa upande wako. Akisema ndiyo, muda bado upo.

Na huyo mbuzi, kama ameshazaa mara tatu, pale Kamuli pana kundi. Mume wako akienda, aulize kwa adabu wale wadogo ni wa nani. Huenda karo ya muhula ujao ya Babirye na Nakato imefungwa kamba kwenye mti huko.