Jaji akiwaambia mmalizane: ushauri kwa aliyelishtaki jiji hapa Marekani

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako mmelishtaki jiji katika mahakama ya shirikisho hapa Marekani, iko siku jaji atawaambia mkae na upande wa pili mmalizane. Mwanzoni atalisema kwa upole, wakati wa kupanga ratiba. Atalirudia ushahidi ukishakusanywa. Tarehe ya kusikiliza kesi ikikaribia, atawaita kwenye kikao cha suluhu na kuwataka mfike wenyewe, si wakili peke yake. Familia nyingi za Waswahili zinashtuka hapo. Wapo wanaodhani jaji amekwisha kununuliwa na jiji. Wapo wanaoamini kwamba wakikataa, kesi itafutwa.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika jimbo moja la katikati ya nchi hii, na kazi hiyo imenikalisha kwenye vikao vya aina hii mara nyingi. Ya wateja siyasemi, kwa sababu mkalimani ameapa kutunza siri. Ninachoweza kukisimulia ni kisa cha mdogo wangu, aliyevunjwa mkono na polisi waliomfananisha na mtu mwingine. Nilikuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa kaka yake tu, na mkalimani alikuwa mtu mwingine. Jiji silitaji, wala kiasi alicholipwa.

Ninachotaka mkijue ni hiki: jaji ana haki ya kuwasukuma mzungumze, lakini hana haki ya kuwalazimisha mkubali. Kufika kikaoni ni amri. Kukubali si amri.

Kwanza, kwa nini anasukuma? Kanuni ya 16 ya mwenendo wa kesi za madai inamruhusu waziwazi kuitisha vikao kwa lengo la kurahisisha suluhu. Sheria ya mwaka 1998 nayo inaitaka kila mahakama ya wilaya ya shirikisho iwe na utaratibu wa kumaliza madai bila kufikia hukumu. Juu ya hayo kuna orodha. Tangu sheria ya mwaka 1990, mara mbili kwa mwaka mahakama hutangaza hadharani, kwa jina la kila jaji, kesi za madai zilizopita miaka 3 bila kwisha na maombi yaliyokaa zaidi ya miezi 6 bila uamuzi. Hakuna jaji anayefurahi kuona mzigo wake umeandikwa hapo. Kesi za madai zinazofika hadi kusikilizwa kikamilifu ni karibu 1 tu katika kila 100, na mahakama zimezoea kuendeshwa hivyo. Kwa hiyo jaji akikwambia uzungumze, usidhani ameidharau kesi yako. Anamwambia hivyo karibu kila mtu.

Kuna mahali ambapo msukumo huo umeandikwa kabisa. Katika Mahakama ya Wilaya ya Kusini ya New York, kesi nyingi za raia wenye mawakili wanaowashtaki polisi wa jiji hilo zinaongozwa na kanuni ya mahakama hiyo namba 83.10: pande mbili zinabadilishana nyaraka za msingi mapema, kisha kesi inakwenda kwa msuluhishi bila mtu yeyote kuomba.

Mipaka nayo ipo. Mwaka 1985, katika kesi ya Kothe dhidi ya Smith, jaji alikuwa amependekeza kiasi cha suluhu, mdaiwa akakataa, kisha akakikubali baada ya siku moja ya kusikilizwa. Jaji akakasirika, akamtoza adhabu. Mahakama ya rufaa yenye makao New York ikaifuta, ikisema kanuni ya 16 haikuwekwa iwe rungu la kuwalazimisha watu wapatane. Mkiona jaji amepandisha sauti, kumbukeni kesi hiyo, na wakili wenu anaifahamu.

Sasa chumbani kwenyewe. Mara nyingi anayeendesha kikao si jaji atakayesikiliza kesi, bali hakimu wa shirikisho, ambaye huteuliwa na majaji wa wilaya kwa muhula wa miaka 8. Nyinyi mnawekwa chumba kimoja, watu wa jiji chumba kingine, yeye anakwenda na kurudi. Akiwa kwenu atazungumzia udhaifu wa kesi yenu tu. Mdogo wangu aliumia sana hapo, alinigeukia akasema, "Kaka, huyu mbona anawatetea?" Hakuwa anawatetea. Ng'ambo ya ukuta alikuwa anawaeleza na wao udhaifu wao, ila sisi hatukuwa na masikio ya kuusikia. Wakili wetu ndiye aliyetueleza yanayosemwa upande ule, na ni vizuri na nyinyi mumwombe wakili wenu awaeleze kabla hamjaingia.

Kwenu hakimu atasema mambo haya, na ni ya kweli. Atasema kwamba tangu kesi ya Monell ya mwaka 1978 jiji linaweza kushtakiwa chini ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1871, lakini haliwajibiki eti kwa sababu tu lilimwajiri afisa aliyekosa. Lazima muonyeshe kwamba kosa limetokana na sera ya jiji, mazoea yake, au kutojali kwa makusudi katika mafunzo. Hilo ni gumu, na sisi tunaozungumza Kiswahili tumeliona kwa uchungu. Patrick Lyoya, mkimbizi kutoka Kongo, alipigwa risasi na afisa wa polisi Grand Rapids, Michigan, Aprili 2022. Familia yake ikafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Mwaka uliofuata jaji akaliondoa jiji katika kesi hiyo, akabaki afisa. Atawaambia pia kwamba Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1981 kuwa jiji haliwezi kutozwa fidia ya kuadhibu. Na afisa akidai kinga yake, yaani ulinzi wa kisheria wa kutowajibika yeye binafsi, akanyimwa, anaweza kukata rufaa pale pale kabla kesi haijasikilizwa, mkasubiri mwaka au zaidi mkiwa mmesimama palepale.

Upande wa pili anawaambia nini? Kwamba juri, yaani lile jopo la raia, halitabiriki. Kwamba video ikichezwa mahakamani itachezwa na kwenye televisheni. Na zaidi ya yote, habari ya gharama. Tangu mwaka 1976 aliyeshinda kesi ya haki za kiraia anaweza kulipiwa wakili wake na aliyeshindwa. Katika kesi ya jiji la Riverside, California, iliyoamuliwa mwaka 1986, wadai walipewa fidia ya dola 33,350, lakini jiji likaamriwa kulipa mawakili wao dola 245,456.25. Kila wakili wa jiji anaijua hesabu hiyo, na ndiyo sababu kesi inayoonekana ndogo inaweza kupata meza ya mazungumzo.

Jiji nalo lina silaha yake, na hii naomba muisome mara mbili. Inaitwa pendekezo la hukumu, chini ya Kanuni ya 68. Jiji linawaandikia: tuko tayari hukumu iwe ya kiasi hiki. Mna siku 14 kujibu. Mkikataa, kisha juri likawapa kiasi kisichozidi hicho, gharama za mahakama za baada ya pendekezo zinakuwa zenu. Mwaka 1985, katika kesi ya Marek dhidi ya Chesny, Mahakama Kuu iliamua kuwa katika kesi za haki za kiraia hata ada ya wakili ya baada ya siku hiyo haidaiwi tena. Katika kesi hiyo, baba ambaye mwanawe aliuawa na polisi alikuwa amekataa dola 100,000. Juri likampa 60,000. Barua kama hiyo ilitufikia na sisi. Mdogo wangu alitaka kuichana. Tulikaa na wakili jioni nzima, tukalinganisha kiasi kile na gharama zilizokwisha kutumika hadi siku ile, halafu tukakataa tukijua tunachokataa. Kukataa kwa hesabu sikuogopi. Ninachokiogopa ni barua iliyoachwa juu ya friji mpaka siku 14 zikapita.

Kuhusu lugha: msidhani mahakama itawaletea mkalimani. Sheria ya wakalimani ya mwaka 1978 inahusu kesi zinazofunguliwa na serikali ya Marekani. Katika kesi yako binafsi dhidi ya jiji, kwa kawaida mkalimani ni juu yako na wakili wako. Mwambie wakili mapema, na umkatae mtoto wako kuifanya kazi hiyo, hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Mtoto hapaswi kutamka mdomoni mwake bei ya maumivu ya mzazi. Mkalimani naye awe anakijua Kiswahili chenu. Mzee wa Bukavu na mama wa Mombasa hawasemi sawa, na kwenye kikao cha pesa neno moja likipinda linagharimu.

Hakimu akikupa nafasi ya kusema, sema. Mdogo wangu alizungumza kwa Kiswahili, polepole, akaeleza kwamba yeye ni fundi seremala na mkono ule ndio wa kushikia randa. Chumba kilinyamaza. Yanayosemwa kwenye mazungumzo ya suluhu hayawezi kutumiwa baadaye kuthibitisha au kupinga dai lenu mbele ya juri. Hiyo ni Kanuni ya 408 ya ushahidi. Kwa hiyo usiogope.

Kisha kuna kitu wachache wanakifikiria: suluhu inaweza kukupa usichoweza kupewa na hukumu. Mwaka 1983, katika kesi ya Lyons, raia wa Los Angeles aliyekabwa koo na polisi alitaka mahakama izuie ukabaji huo. Mahakama Kuu ikasema anaweza kudai fidia, lakini kwa kuwa hakuonyesha kwamba yeye mwenyewe atakabwa tena, hawezi kupata amri ya kuzuia. Mezani mambo ni tofauti. Unaweza kuomba barua ya kuomba radhi, jiji lisaidie kufuta rekodi ya kukamatwa kwako, maafisa wafunzwe namna ya kuzungumza na mtu asiyejua Kiingereza. Sisi tuliomba barua. Ilikataliwa mara ya kwanza. Tuliishikilia, tukaipata, na mama ameiweka pamoja na vyeti vya watoto wake.

Mkipata ahadi ya namna hiyo, iandikwe nani atasimamia utekelezaji na hadi lini. Los Angeles ni mfano. Jaji David Carter, katika kesi ya mwaka 2020 kuhusu watu wasio na makazi, alifika hadi kuitisha kikao Skid Row kwenyewe, mtaa wanakoishi wengi wao, viongozi wakiwa wamezungukwa na mahema. Mwaka 2022 jiji likakubali suluhu. Juni 2025 jaji huyohuyo akaamua kwamba jiji halikutimiza sehemu ya yale liliyoyaahidi. Iliwezekana kulirudisha mbele yake kwa kuwa mahakama ilibaki na mamlaka juu ya mkataba. Mkataba usio na kifungu hicho unaweza kuwalazimu kufungua kesi mpya kabisa.

Jambo lililotuuma zaidi, na ambalo lazima mjiandae nalo, ni kifungu kinachosema jiji halikubali kosa lolote. Wazee wetu husema sulhu ni kheri, na nyumbani mkosaji huja, anakiri, ndipo watu wanapeana mikono. Hapa watalipa na bado waandike kwamba hawakukosa. Karibu kila mkataba unacho. Jueni mapema, ili msikutane nacho saa kumi na moja jioni, mmechoka, kalamu iko mkononi.

Ulizeni pia ni nani kati ya watu wa jiji waliopo chumbani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Mara nyingi hayupo, kwa sababu uamuzi ni wa madiwani. Chicago, kwa mfano, suluhu inayozidi dola 100,000 lazima ipitishwe na baraza la jiji. Familia ya George Floyd, aliyeuawa na polisi, ilipata dola milioni 27 kwa kura ya baraza la Minneapolis, Machi 2021. Mkishakubaliana, kura inaweza kuchukua wiki nyingi, na hundi inafuata baadaye. Msikope kwa kuitegemea. Na kwa kuwa ni fedha ya umma, kiasi chenu huenda kikatoka magazetini, kwa hiyo watu wa nyumbani wasikisikie huko kwanza.

Kabla ya kutia saini, mwombeni wakili karatasi moja yenye hesabu kamili: ada yake, ambayo mara nyingi ni theluthi au zaidi, gharama za wataalamu na mkalimani, deni la hospitali, na kile ambacho Medicaid au Medicare, yaani bima za afya za serikali, itadai kurudishiwa. Fidia ya jeraha la mwili kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato, lakini fidia ya uchungu wa moyo usiotokana na jeraha hutozwa. Aliye kwenye SSI, yaani posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, asipokee hundi kabla ya kuonana na mtaalamu wa mafao, kwa sababu mtu mmoja akiwa na zaidi ya dola 2,000 benki anaweza kusimamishiwa malipo. Zipo hazina za amana za kulinda fedha ya mtu mwenye ulemavu, ila zinapangwa kabla pesa haijaingia.